Upanga wa Khanfu: Je, Hukumu ya Kifo Ilizuia Mauaji Guangzhou?

Katika familia nyingi zenye asili ya Pwani, jina la China hukumbusha sahani na bakuli za kale zilizojengewa kwenye nguzo za makaburi, hariri za maharusi, na biashara ya pembe za ndovu iliyowatajirisha mababu. Katika miaka ya karibuni jina hilo limebeba habari nyengine: vijana wetu wanaoshikwa Guangzhou na dawa za kulevya, na hukumu ya kifo inayowasubiri baadhi yao. Habari hizo zinapofika barazani, iwe Mombasa, Unguja, Maskati au London, hapakosi mtu wa kusema kwamba ukali ndio dawa: auawe mmoja, wataogopa elfu. Kauli hiyo hiyo husemwa zaidi juu ya muuaji, na watu huiamini kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Makala haya yanauchunguza ushahidi huo kwa kuufuata mji mmoja. Tumechagua Guangzhou kwa sababu mbili. Ni mji ambao watu wa bahari yetu wameishi, wameua, wameuawa na wamehukumiwa kwa zaidi ya miaka 1,300. Tena ni mji ambao sheria yake, karibu muda wote huo, imekuwa na hukumu ya kifo, na kumbukumbu za hukumu hizo zimehifadhiwa kwa Kichina, kwa Kiarabu na kwa lugha za Ulaya. Tunatenganisha tokea mwanzo maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kama muuaji anastahili kufa. Hilo ni swali la dini na la haki. La pili ni kama kumuua kunawazuia wengine wasiue; hilo ni swali la mambo yaliyotokea, na ndilo letu hapa.

Mji na watu wake

Waarabu waliuita mji huu Khanfu, na Wazungu wakauita Canton. Kitabu cha habari za China na India cha mwaka 237 Hijria (851), kinachonasibishwa na Sulayman Mfanyabiashara, kinaeleza kwamba Khanfu ndipo walipokutana wafanyabiashara wa Kiislamu, na kwamba mtawala wa China alimweka Mwislamu mmoja awe kadhi wa wenzake, awahukumu na kuwasalisha. Meli zilitoka Siraf, Basra na Oman. Al-Masudi, aliyesafiri baina ya Oman na pwani ya Zanj na ambaye safari yake ya mwisho ya njia hiyo ilikuwa mwaka 304 Hijria (916-917), anaeleza kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Kwa hivyo, hata pale Mwafrika mwenyewe asipofika Khanfu, mali ya nchi yake ilifika.

Watu nao walifika. Historia rasmi ya enzi ya Song inataja wajumbe wa nchi iitwayo Cengtan waliokuja mwaka 1071, na tena mwaka 1083, ambapo mfalme Shenzong, kwa kuona umbali wa safari yao, aliwaongezea zawadi ya fedha liang 2,000. Baadhi ya wanahistoria wanaiweka Cengtan kwenye pwani ya Zanj. Wengine walifika bila ya hiari yao: mwandishi Zhu Yu, katika kitabu chake cha mwaka 1119, anasimulia kwamba matajiri wa Guangzhou waliweka watumwa weusi wengi. Wajumbe, wafanyabiashara na watumwa, wote waliishi chini ya sheria moja iliyokuwa na upanga ndani yake.

Liwali aliyeuawa mwaka 684

Kisa cha kale tunachokijua vyema kinahusu mauaji ya mtawala mwenyewe. Mwaka 684 liwali wa Guangzhou alikuwa Lu Yuanrui. Kila mwaka meli za watu walioitwa Kunlun zilitia nanga na bidhaa za thamani. Jina hilo Wachina waliwapa watu wenye ngozi nyeusi wa bahari za kusini. Wakati huo huenda wengi wao walikuwa watu wa visiwa vya Malaya na Java, na baadaye jina likaenea hadi kwa Waafrika. Watumishi wa liwali waliwanyang'anya wafanyabiashara hao mali zao. Walipokwenda kushitaki, liwali alitaka wao ndio wafungwe ubao wa shingoni. Mmoja wao akaficha upanga katika mkono wa nguo yake, akaingia moja kwa moja katika baraza la liwali, akamuua yeye na watu zaidi ya 10 waliokuwa karibu naye, kisha akarudi melini, wakatweka. Walifukuzwa, hawakupatikana.

Kwa sheria ya Tang, mtu wa namna hiyo hakuwa na hukumu nyengine isipokuwa kifo, na bila shaka alilijua hilo. Tujiulize basi, upanga wa sheria ulimzuia nini? Haukumzuia kumuua liwali, kwa sababu mlango wa kushitaki ulikuwa umefungwa na hasira ilikuwa imemjaa. Wala haukumzuia kuwaua wale 10 wengine, kwani baada ya kumuua wa kwanza hakuwa na cha kupoteza zaidi. Hilo ni jambo ambalo wanasheria wa nchi nyingi wameliona tangu zamani: adhabu ikishafika mwisho wake, haina tena namna ya kumsihi mkosaji asimame hapo alipofika.

Kumbukumbu hizo hizo zinatupa na upande wa pili wa kisa. Baadaye Guangzhou ilipata liwali mwengine, Wang Fangqing. Waandishi wa Tang wanamsifu kwa jambo moja hasa: kwa miaka yote aliyokaa hakugusa mali ya wageni hata kidogo, na aliwabana wakubwa wa hapo waliozoea kuwaonea raia. Hatusikii katika siku zake kwamba mfanyabiashara yeyote aliingia barazani na upanga. Kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha kanuni, lakini kinatuonyesha mahali pa kutazama. Sheria ya kifo ilikuwa ile ile kwa maliwali wote wawili. Kilichobadilika ni uwezekano wa mtu kupata haki yake bila ya kumwaga damu.

Abu Zayd wa Siraf, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 10, ana hadithi inayofanana na hiyo. Mfanyabiashara wa Khurasan aligombana Khanfu na towashi wa mfalme aliyetumwa kuchagua bidhaa, na ugomvi ulikuwa juu ya pembe na vitu vyengine alivyokataa kuuza kwa bei aliyopewa. Towashi akazichukua kwa nguvu. Yule bwana akasafiri hadi mji mkuu, akaonywa kwamba akigundulikana ni mwongo atauawa, naye akashikilia dai lake. Mfalme alipopeleleza na kuona ni kweli, alimnyang'anya towashi mali yake na cheo chake, akampeleka kuwa mlinzi wa makaburi ya wafalme. Hapakuuawa mtu. Abu Zayd aliisimulia hadithi hii kama mfano wa uadilifu uliowafanya wageni waiamini bandari, kabla ya mambo kuharibika.

Miaka ambayo upanga uliwekwa chini

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba China ya Tang iliwahi kuiondoa hukumu ya kifo. Mwaka 747 mfalme Xuanzong alifuta hukumu za kunyonga na za kukata kichwa. Waliostahili kufa wakawa wanachapwa kwa fimbo nene au wanapelekwa uhamishoni, na nchi ya uhamisho iliyotajwa ilikuwa Lingnan, yaani jimbo lile lile la kusini ambalo Guangzhou ni mji wake mkubwa. Kabla yake, mfalme Taizong, baada ya kumuua mtumishi wake kwa hasira na kujuta, alikuwa ameamuru kwamba hukumu ya kifo irudishwe kwake mara kadhaa kabla ya kutekelezwa.

Je, mauaji yalizidi baada ya 747? Mtu anaweza kuonyesha uasi wa An Lushan uliozuka mwaka 755, na shambulio la mwaka 758, ambapo Waarabu na Waajemi waliuvamia mji wa Guangzhou, wakapora maghala, wakachoma nyumba na kuondoka kwa bahari. Lakini hoja hiyo haisimami. Uasi ule uliletwa na majemadari waliopewa majeshi makubwa mno mipakani, na shambulio la Guangzhou lilitokea wakati dola imeshughulishwa na vita. Jemadari mwenye askari elfu nyingi haogopi mnyongaji, kwa sababu anategemea kushinda. Kwa hiyo hatutumii miaka ile kuwa ni dalili ya upande wowote.

Hilo lilionekana kwa ukubwa zaidi mwaka 879, Huang Chao alipouteka mji. Abu Zayd anataja watu 120,000 waliouawa miongoni mwa Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Majusi, na Al-Masudi anataja 200,000. Wanahistoria wa leo wanazipokea hesabu hizo kwa tahadhari, ila kwamba palikuwa na mauaji makubwa hapana shaka, na biashara ya Waarabu ilirudi nyuma hadi Kalah kwenye rasi ya Malaya. Sheria ya Tang ilikuwa imekwisha kurudisha hukumu ya kifo miaka zaidi ya 100 kabla yake. Mauaji hayo makubwa yalifanyika chini ya sheria kali, kwa sababu hapakuwa na dola ya kuitekeleza.

Mgongo na makalio

Sheria ya Tang ya mwaka 653 ilikuwa na kifungu mashuhuri kuhusu wageni: wageni wa taifa moja wakikoseana wao kwa wao, wahukumiwe kwa mila yao, wakiwa wa mataifa mbalimbali, wahukumiwe kwa sheria ya China. Enzi ya Song iliendeleza utaratibu huo katika mtaa wa wageni wa Guangzhou, chini ya mkuu wao. Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika mji huo, anaeleza kwamba makosa madogo yaliadhibiwa na mkuu wa mtaa, na makubwa yalihukumiwa na serikali ya Guangzhou.

Anaongeza jambo dogo ambalo sisi tunaliona lina faida kuliko kurasa nyingi za nadharia. Wachina walihesabu kuchapwa mgongoni kuwa ni adhabu nzito kuliko kuchapwa makalioni. Wageni waliona kinyume chake. Kwa kuwa hawakuvaa suruali na walipenda kukaa chini, fimbo ya makalio ndiyo iliyowaumiza, na ile ya mgongo hawakuijali. Kwa maneno mengine, adhabu iliyoandikwa kitabuni na adhabu inayoogopwa na mtu ni vitu viwili. Mtunga sheria hukadiria hofu kwa kujipima mwenyewe: yeye ni mtu aliyetulia, mwenye mali, mwenye kesho. Anayeua mara nyingi si mtu wa namna hiyo, au hayuko katika hali hiyo saa anapoua.

Canton na mabalozi

Tuje kwenye karne za 18 na 19, wakati ambapo Canton ilikuwa bandari pekee iliyoruhusiwa kwa biashara ya Wazungu. Mwaka 1784 meli ya Kiingereza Lady Hughes ilipiga mizinga ya heshima huko Whampoa, na Wachina 2 wakafa. Maofisa wa Canton wakamtaka mpiga mzinga. Wakamkamata msimamizi wa biashara wa meli, wakasimamisha biashara yote, mpaka mpiga mzinga akatolewa. Januari 1785 alinyongwa. Mwaka 1821 baharia Francis Terranova wa meli ya Kimarekani Emily alishutumiwa kusababisha kifo cha mwanamke muuza matunda mashuani. Biashara ya Wamarekani ilisimamishwa, naye akatolewa na kunyongwa.

Kama adhabu ya kifo ingekuwa inazuia kwa namna inayosemwa, mabaharia wa Canton wangekuwa watu wapole baada ya hapo. Kilichotokea ni kwamba wakubwa wao walijifunza kuficha. Baada ya Lady Hughes, Waingereza waliazimia kutomtoa mtu wao tena. Julai 1839 mabaharia walevi walimuua mwanakijiji Lin Weixi huko Kowloon. Kamishna Lin Zexu alimtaka muuaji. Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, alikataa. Aliwalipa jamaa za marehemu fedha na kuwahukumu mabaharia mwenyewe kwa adhabu ndogo, ambazo mwishowe hazikutekelezwa. Mzozo huo ukaingia katika mizozo mengine iliyoleta vita vya afyuni, na mikataba ya 1843 na 1844 ikawatoa Waingereza na Wamarekani katika mikono ya mahakama za China. Ukali uliokusudiwa kuleta utii ulileta kukwepa, na kukwepa kukaleta hali mbaya zaidi, maana muuaji mgeni sasa hakuwa na hakimu wa kweli wa kumwogopa.

Historia hii inagusa ya kwetu kwa njia ambayo haisemwi sana. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alipita Canton mwishoni mwa 1832 kabla ya kufika Maskati na kutiliana mkataba na Sayyid Said bin Sultan mnamo Septemba 1833. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kiliwapa mabalozi wa Marekani haki ya kuwa waamuzi pekee wa mizozo baina ya Wamarekani wenyewe katika bandari za Sayyid, Unguja ikiwemo. Ukiisoma pamoja na sheria ya Tang ya 653 utaona wazo ni lile lile: wageni wa taifa moja wahukumiwe na wao. Tofauti ni katika nguvu. Mfalme wa Tang alitoa ruhusa hiyo kwa kuwa hakuwaogopa wageni. Katika karne ya 19, huku na huko, ruhusa hiyo ilipanuliwa hatua kwa hatua mpaka wenyeji wakanyang'anywa mahakama zao.

Hesabu za zama zetu

Wanaoiamini hukumu ya kifo wana ushahidi wao, nasi tunapaswa kuueleza kwa uadilifu. Mwaka 1983 serikali ya China ilianzisha kampeni ya kupiga kwa nguvu, na maelfu ya watu waliuawa kwa kesi za haraka. Uhalifu ulioripotiwa ulipungua mwaka uliofuata. Na huko Marekani, mwaka 1975, mchumi Isaac Ehrlich alikadiria kwamba kila anayenyongwa anaokoa maisha ya watu 7 au 8. Hesabu hiyo ilinukuliwa hata mbele ya mahakama.

Ila punguzo la 1984 halikudumu: kabla ya muongo kwisha uhalifu ulikuwa umepanda kupita pale ulipoanzia. Hesabu ya Ehrlich nayo ilirudiwa na wachumi wengine, wakaona kwamba ukibadilisha miaka michache au namna ya kukokotoa, jawabu hugeuka. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, baada ya kupitia tafiti za zaidi ya miaka 30, lilisema wazi kwamba tafiti hizo hazitufahamishi kama hukumu ya kifo inapunguza mauaji, inayaongeza, au haiyagusi, na kwamba zisitumike kuamua sera.

Guangzhou yenyewe inatupa mizani mizuri zaidi. Chini kidogo ya mdomo wa Mto Lulu ipo Hong Kong, ambako watu ni wa asili moja na lugha moja ya Kikantoni na wa Guangzhou. Hong Kong ilimnyonga mtu wa mwisho Novemba 1966, na mwaka 1993 ikaifuta hukumu hiyo katika sheria. Watafiti Franklin Zimring, Jeffrey Fagan na David Johnson waliilinganisha na Singapore, mji mwengine wa bandari wenye Wachina wengi, ambao mwaka 1994 peke yake ulinyonga watu zaidi ya 70 na baadaye ukapunguza sana. Katika muda wa miaka 35 tangu 1973, viwango vya mauaji vya miji hiyo miwili vilishuka pamoja na kwa namna inayofanana. Kupanda na kushuka kwa unyongaji wa Singapore hakukuacha alama yoyote inayoonekana.

Na China bara? Idadi ya wanaouawa kwa hukumu ni siri ya dola. Taasisi ya Dui Hua imekadiria kwamba walikuwa kiasi cha 12,000 mwaka 2002 na kiasi cha 2,400 mwaka 2013. Sababu kubwa ni kwamba tangu tarehe 1 Januari 2007 kila hukumu ya kifo lazima ipitiwe tena na Mahakama Kuu ya Watu. Makosa yenye adhabu hiyo pia yalipunguzwa, kutoka 68 hadi 55 mwaka 2011, na hadi 46 mwaka 2015. Katika muda huo huo mauaji yaliyoripotiwa na polisi yalishuka kutoka zaidi ya 28,000 mwaka 2000 hadi chini ya 11,000 mwaka 2013. Hatusemi kwamba kupunguza unyongaji ndiko kulikopunguza mauaji. Watu wamekuwa na hali bora, vijana wamepungua, kamera zimejaa barabarani. Tunachosema ni kwamba waliotabiri kuwa upanga ukilegezwa damu itamwagika, utabiri wao haukutokea.

Vijana wetu

Sasa turudi kwenye jambo linalotuuma. Kifungu cha 347 cha sheria ya jinai ya China kinaruhusu hukumu ya kifo kwa anayesafirisha gramu 50 za heroini au zaidi. Mwaka 2014 raia 2 wa Uganda waliuawa nchini China kwa makosa ya dawa za kulevya, na Waafrika Mashariki wengine wamehukumiwa kifo chenye kusitishwa kwa miaka 2, ambacho mara nyingi hugeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kosa hili si la kuua, lakini hoja ya kuzuia ni ile ile, na inaangukia pale pale. Kijana anayebebeshwa mzigo huwa na deni au njaa. Aliyemtuma humwambia kwamba njia imesafishwa na uwanjani kuna mtu wao. Hapimi kifo dhidi ya kifungo; anapima kukamatwa dhidi ya kutokamatwa, na ameshadanganywa kuhusu hilo. Mwenye mali, anayejua hatari yote, hasafiri.

Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uovu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Kasisi John Wotherspoon, anayewatembelea wafungwa wa Hong Kong, alilifahamu hilo kwa njia ya vitendo. Tangu mwaka 2013 alianza kuzitangaza barua za wafungwa, wakiwemo Watanzania, waliowaeleza ndugu zao kwa mkono wao namna walivyodanganywa na namna walivyokamatwa. Barua hizo ziliandikwa na watu ambao hukumu ya kifo haikuwahusu kabisa. Kazi yake ilikuwa kuuvunja uongo wa mwenye mzigo: kwamba hutashikwa.

Nyumbani kwetu mwelekeo unajulikana. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa mahakama zimeendelea kutoa hukumu hiyo. Mahakama Kuu kabisa ya Uganda mwaka 2009 na ile ya Kenya mwaka 2017 zilikataa kwamba jaji alazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitamka hivyo hivyo juu ya Tanzania mwaka 2019. Rwanda iliifuta mwaka 2007. Oman bado inayo, pamoja na haki ya warithi wa damu kusamehe au kupokea diya.

Hilo la mwisho linatufaa kumalizia hoja. Fiqhi waliyoijua mababu zetu, na waliyoihukumia kadhi wa Khanfu, haikumwachia mtawala peke yake damu ya mtu. Iliwapa jamaa za aliyeuawa nafasi ya kutaka kisasi, kupokea diya au kusamehe. Mahakama za China za leo nazo, katika mauaji yanayotokana na ugomvi wa majirani au wa nyumbani, huzingatia kama familia imelipwa na kama imesamehe. Kama faida pekee ya adhabu hii ingekuwa kuwatisha wengine, mlango wa msamaha ungekuwa ni udhaifu, na wanazuoni wa madhehebu zote wangeufunga. Waliuacha wazi, kwa kuwa walijua kwamba ufiwa una haki zake, na kwamba amani ya mji hujengwa pia kwa suluhu.

Kwa hivyo jawabu letu kwa swali la barazani ni hili. Anayesema muuaji anastahili kufa anaweza kuwa na hoja zake, na atazileta kwa wanazuoni na wanasheria. Anayesema kumuua kutawazuia wengine analeta dai juu ya mambo yaliyotokea, na historia ya Guangzhou ya miaka 1,300 haimsaidii. Mji ule ulitulia zaidi pale mgeni alipoweza kumshitaki towashi wa mfalme na kusikilizwa, kuliko pale upanga uliponolewa. Wazee wanaotaka kuwakinga vijana wao wasitegemee habari za wanaouawa. Wawaambie nani anawatuma, anawadanganya vipi, na kwamba uwanjani Guangzhou hakuna mtu wao.